Kodi Iliyozidi na Kikohozi cha Mzee Isaka

Katika kijiji kipya cha Juhudi, nje kidogo ya Tunduma, mlango wa Watson ulitazamana na mlango wa baba yake, Mzee Isaka. Kati yao palikuwa na njia tu, ya kupishana baiskeli mbili. Aliyepanga nyumba zile alikuja na kamba na vigingi, akapima mistari yake, akasema nyumba zikitazamana ndiyo umoja wenyewe. Hakuuliza mtu. Angeuliza, angeambiwa kwamba kwa Wandali, kabila lao, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso wala hawapitani njiani, na mke halitaji jina la mkwewe hata akiwa peke yake shambani.

Basi wakaishi hivyo hivyo. Mzee Isaka alipotaka kutoka alikohoa kwanza. Kilikuwa kikohozi cha mtu mwenye kifua kizima, kikianzia tumboni na kumalizikia nyumba ya tatu. Lusungu, mke wa Watson, aliyeitwa mama Fides kwa jina la mtoto wake, akikisikia aliingia ndani na kurudisha mlango. Naye alipotaka kutoka aligonga mfuniko wa sufuria, na mzee akaingia kwake. Kuna asubuhi ambazo wote wawili walitaka kutoka kwa wakati mmoja, ikawa ni kikohozi na mfuniko, mfuniko na kikohozi, majirani wanashika mbavu.

"Mimi ni mfungwa," Mzee Isaka alimwambia mwanawe. "Nimefungwa na mfuniko wa sufuria."

"Vumilia kidogo, baba."

"Kidogo ya wapi? Jua la asubuhi liko upande wangu. Tumbaku ninayo, kiti ninacho, lakini kukaa mlangoni pangu siwezi. Nikikaa, mama Fides anachelewa kazini. Nisipokaa, naota ukungu humo ndani kama ugali wa juzi."

Watson alikuwa na dawa ya jambo lile, ila dawa yenyewe ilitaka bati. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amempa kiwanja katika mstari wa juu, nyuma ya shule, kwa sharti moja: pajengwe nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati juu kabla mvua hazijaanza. Mvua zikianza hakuna nyumba, kiwanja kinakwenda kwa mwingine, na waliokuwa wakikisubiri walikuwa wengi. Tofali Watson alikwishachoma, zilikaa pale kiwanjani zimefunikwa nyasi. Mahindi yake yalikwishapelekwa ghalani na malipo yalikuwa bado njiani. Akabaki akitazama mawingu kama mtu anayetazama mdai wake anavyokuja.

Mshahara katika nyumba ile ulikuwa mmoja tu, wa Lusungu. Alikuwa karani wa mizani katika bohari ya Nyota ya Mpaka, kampuni ya malori yaliyopeleka mizigo Zambia. Kila asubuhi lori la kampuni lilimchukua barabarani, na kutwa nzima alipima magunia na kubishana na madereva, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kibemba cha kuokoteza. Alikuwa mwepesi wa ulimi. Dereva aliyetaka kumdanganya uzito aliondoka kichwa chini.

Siku moja ya mshahara alikaa kwenye gunia na Marita, mjane aliyefanya naye kazi moja kwa mshahara mmoja. Wakafungua bahasha zao pamoja. Ya Marita ilikuwa nene zaidi.

"We Marita, mbona yako imenona?"

"Sijui. Labda mimi namwamkia Shaban vizuri."

Shaban alikuwa karani wa mishahara, mtu wa Pangani, mnene, mpole, mwenye kupenda kahawa chungu. Lusungu hakumwamkia vizuri siku ile. Aliingia ofisini kwake na bahasha mkononi.

"Ndugu Shaban, mimi na Marita tunapima magunia yaleyale. Kodi yangu imekuwaje kubwa hivi?"

Shaban akafungua karatasi zake bila haraka. "Marita ana watoto. Mwenye familia hupata nafuu ya kodi. Wewe nakukata kama mseja."

"Mseja! Mimi? Nina mume na watoto watatu!"

"Basi mumeo mimi simjui, mama. Siku ile unaajiriwa nilikuuliza jina la mume. Ukasema Watson. Nikauliza, Watson nani? Ukatazama dari. Nikauliza tena, ukatazama viatu vyangu. Nikajisemea, mwanamke asiyejua jina la pili la mumewe hana mume, ana rafiki. Nami sikutaka kukuaibisha. Nikaandika hajaolewa."

Lusungu akakaa chini. Alikumbuka siku ile vizuri. Jina la pili la Watson ni jina la baba yake, na jina hilo halikuwahi kupita kinywani mwake tangu alipoolewa. Tangu siku ya kuajiriwa, mwaka mzima na zaidi, alikuwa amekatwa kodi ya mtu asiye na mume wala mtoto, kwa sababu ya adabu tu.

"Nirudishie," akasema.

"Kuanzia mwezi huu nitarekebisha. Ya mwaka jana imekwishakwenda Hazina, mimi siwezi kuichota huko. Jaza fomu ya mapato ya mwaka, udai iliyozidi. Watakurudishia."

Jioni ile Watson aliposikia alicheka kwanza, kisha akakasirika, kisha akauliza ni kiasi gani. Walipokadiria wakaona fedha zinatosha bati, na huenda misumari juu yake, wakatazamana. Kutoka ng'ambo ya njia kikohozi kikasikika, na Lusungu akarudisha mlango.

"Lakini mama Fides," Watson akasema, "mwaka mzima mimi sipo? Kwenye karatasi za kampuni mimi ni nini, mzimu?"

"Ni rafiki," Lusungu akajibu, akaendelea kupakua mboga.

Fomu ya kwanza aliijaza Lusungu mwenyewe, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri. Kwenye jina la mume aliandika "Watson, baba yake Fides". Kuliandika lile jina jingine asingeweza. Kwake kuandika ni kutamka kimyakimya. Hakumwomba mumewe aangalie, akaituma Mbeya kwa posta, akatulia. Ikarudi baada ya wiki kadhaa na mstari mmoja wa wino mwekundu: jina kamili la mume linatakiwa, na mume ndiye anayejaza.

Fomu ya pili akaijaza Watson. Yeye mwandiko wake ulikuwa kama njia ya kuku, lakini jina la baba yake hakuliogopa. Aliliandika kwa herufi kubwa. Safari hii hakutaka mambo ya posta. Afisa wa kodi alikuwa akija Vwawa kila mwisho wa mwezi na kukaa katika chumba kimoja pale boma, basi Watson akapanda lori alfajiri akaipeleka kwa mkono.

Afisa huyo aliitwa Ramadhan, kijana mwembamba kutoka Kilwa, mwenye koti la baridi hata saa sita mchana. Alisoma fomu akaanza kutabasamu.

"Ndugu Watson, umedai kodi yote."

"Ndiyo."

"Yote aliyokatwa mkeo mwaka mzima."

"Si imezidi?"

"Iliyozidi ni sehemu tu. Nyingine ni haki ya serikali. Mtu akikuuzia gunia la mahindi, akachukua na baiskeli yako, utadai baiskeli au utadai baiskeli pamoja na bei ya gunia?"

Watson akafikiri. "Ningejaribu vyote."

Ramadhan akacheka mpaka akakohoa, na Watson kwa mazoea akatazama mlango. Wakakaa wakafanya hesabu upya: kodi iliyokatwa, kodi ambayo ingekatwa kama karani angeandika ukweli, na tofauti yake. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko ndoto ya Watson. Akaihesabu kwa bati moja moja. Misumari ikatoka. Bati zikatosha, kwa shida.

"Sasa liko jambo jingine," Ramadhan akasema. "Hii hati ya kampuni inasema mkeo hajaolewa. Wewe unasema ameolewa. Nimwamini nani?"

"Niamini mimi. Mimi ndiye niliyemwoa."

"Kila anayedai husema hivyo. Mwezi uliopita alikuja mtu na wake wanne wa kuazima." Akahesabu kwa vidole. "Leta barua ya karani wa kampuni kwamba alikosea. Leta cheti cha ndoa."

"Cheti hatuna. Ndoa yetu ni ya ng'ombe."

"Sheria inaikubali. Basi alete ushahidi aliyepokea ng'ombe."

"Baba yake mke wangu alikwishafariki. Wajomba zake wako ng'ambo, Malawi."

"Aliyetoa ng'ombe je?"

"Baba yangu. Yupo, mzima kabisa."

"Vizuri sana! Mlete baba yako, mlete na mkeo. Mzee atamwonyesha mkwewe mbele yangu, mke atamtambua mzee na kumtaja jina, natia saini, kwisha."

Watson alihisi bati zote zinapeperuka. Alijaribu kueleza, akaanzia mbali sana, kwa mababu, Ramadhan akawa ameita mtu mwingine. "Mwezi ujao, ndugu. Wote watatu, hapahapa."

Shaban hakusumbua. Aliandika barua ya kukiri kosa lake siku hiyohiyo, akaipiga mhuri mara mbili ili ionekane ina uzito, akampa Lusungu na kikombe cha kahawa juu yake. Kazi ilikuwa kwa Mzee Isaka.

"Nikae chumba kimoja na mama Fides?" mzee akauliza. "Umelewa?"

"Si kukaa, baba. Nimepanga. Yeye ataingia kwanza, aseme yake, atoke kwa mlango wa nyuma. Kisha wewe. Nitamwomba afisa."

"Na asipokubali?"

"Basi tutabaki hapa. Wewe na mfuniko."

Mzee Isaka akageuka. Akatazama kiti chake kilichoegemezwa ukutani, kimeanza kuota utando wa buibui. "Nitafutie ile kofia yangu ya ibada," akasema.

Siku ya safari mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Mbozi kama kuku anayeatamia. Lusungu alitangulia na lori la kampuni. Watson na baba yake walifuata na lori jingine lililobeba chumvi ya Ivuna, mzee amekaa juu ya magunia na kofia yake mkononi isipeperuke. Walipofika boma, Watson alimpeleka baba yake nyuma kabisa ya jengo, upande wa matangi ya maji.

"Kaa hapa. Usitoke mpaka nije kukuita."

"Nimekuwa mbuzi sasa?"

"Baba, tafadhali."

Ndani, Lusungu alikuwa amekwishakaa mbele ya meza. Alivaa kitenge chake kipya na kilemba. Ramadhan alikuwa akisoma barua ya Shaban. Watson akaanza kueleza kuhusu kupokezana, mmoja baada ya mwingine. Afisa akatikisa kichwa.

"Ndugu Watson, hapana. Hapa watu wanaletewa baba za kukodi. Nataka kuwaona pamoja. Yuko wapi mzee?"

"Yuko nyuma, lakini..."

"Hebu mama atie saini hapa kwanza, kwamba ameelewa," Ramadhan akasema, akamsogezea kalamu na kidau cha wino.

Sasa, Mzee Isaka hakuwa mtu wa kukaa nyuma ya tangi. Alikaa akachoka. Akaona watu wanaingia na kutoka, akahofu wamesahaulika, akahofu afisa ataondoka na mvua zitakuja. Akavaa kofia yake, akaingia ukumbini taratibu kutafuta mlango wa kusikiliza. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, kabla ya kukata kona akafanya alichokifanya kila siku ya maisha yake ya kijiji kipya.

Akakohoa.

Lusungu alikuwa ameinama na kalamu imegusa karatasi. Kikohozi kile alikijua kuliko sauti ya mama yake. Hakufikiri. Kitenge kikafunika kichwa, kiti kikaanguka, kidau kikamwagika, na mwanamke mzima, karani wa mizani aliyeogopewa na madereva wa nchi mbili, akapita dirishani. Lilikuwa dirisha la chini, ashukuriwe Mungu. Akatua kwenye maua ya boma na kuchuchumaa chini ya ukuta.

Mzee Isaka alitokea mlangoni akauona unyayo mmoja wa mwisho ukipotea dirishani. Akapiga ukelele, "Macho yangu!", akageuka, kofia ikamdondoka kizingitini, naye akashuka ukumbi kwa mbio ambazo Watson hakujua kwamba baba yake bado anazo.

Ramadhan alibaki amesimama, wino ukimtiririkia kwenye koti.

"Kuna nini? Wamegombana? Kuna nyoka?"

"Hakuna nyoka," Watson akasema kwa uchovu. "Ndicho nilichotaka kukueleza mwezi uliopita."

Safari hii hakuanzia kwa mababu. Alisema kwa kifupi: kwetu mke na baba mkwe hawaonani, wala mke halitaji jina la mkwewe. Ndiyo maana Shaban hakuambiwa jina. Ndiyo maana kodi ikazidi, na ndiyo maana umemwagikiwa wino.

Ramadhan akaketi. Alitazama dirisha, akatazama kofia pale kizingitini. Kicheko kilianza kumpanda, akakizuia, kwa kuwa bado alikuwa mtu wa serikali na watu wa wake wa kuazima aliwakumbuka. Akaenda dirishani akachungulia chini.

"Mama, hujaumia?"

"Sijaumia," sauti ikajibu kutoka kwenye maua. "Amekwishapita?"

"Amepita. Sikiliza, mama. Nataka kitu kimoja tu. Nitajie jina la yule mzee. Neno moja. Ukilisema natia saini sasa hivi na fedha zenu mnazipata."

Watson akaziona bati zake zimepangwa neno moja mbele yake. Alitaka kumwambia mkewe sema, kuna nani anayesikia, ni mimi na huyu mtu wa Kilwa tu. Lakini alimjua.

"Ndugu afisa," Lusungu akasema, "hizo fedha zibaki hukohuko Hazina. Zijengeeni hospitali. Mimi nitaendelea kugonga mfuniko."

Hapo Ramadhan hakuweza tena. Alicheka akashika fremu ya dirisha. Akacheka mpaka mpishi wa chai wa boma akaja kuangalia. Alipopata pumzi akarudi mezani, akafuta kiti, akakaa.

"Nimefanya kazi hii miaka kadhaa," akasema. "Baba za kukodi nimewaona, wanakuja wameshikana mikono na wakwe zao, wanaitana majina kama watoto wa shule. Mwanamke aruke dirisha la serikali, aache na fedha, kwa ajili ya mzee ambaye si mkwewe? Hayupo. Hata sinema haiwezi. Mwite baba yako asimame ukumbini, asiingie. Aape kwa sauti, mama asikilize dirishani."

Ikawa hivyo. Mzee Isaka alisimama ukumbini amekipa kisogo chumba, akatangaza kwa sauti ya kanisani kwamba mwanawe Watson amemwoa kihalali mama yake Fides, na Enesi, na Amoni, na kwamba ng'ombe alitoa yeye, wazima, na mmoja alikuwa na mimba. Ramadhan akauliza dirishani, "Mama, ni kweli?"

"Kweli tupu. Yule mwenye mimba alizaa mapacha."

Saini ikaanguka. Kwenye sehemu ya maelezo Ramadhan aliandika maneno machache, akayasoma kwa sauti: "Ndoa imethibitishwa kwa macho." Kisha akaiokota kofia ya mzee akampelekea mwenyewe ukumbini kwa mikono miwili.

"Ndaga," mzee akamshukuru, bado amegeukia ukuta. "Na koti lako pole."

Hundi ilifika Tunduma mwezi uliofuata, siku moja na manyunyu ya kwanza. Kuta Watson alikwishazisimamisha akingoja hundi, na sasa hakungoja manyunyu yakatike. Bati zilipanda zikiwa na matone, na majirani wa mstari wa pili walikuja kushika ngazi, maana hata wao walikuwa wamechoka kucheka. Misumari alikopesha Shaban, akisema ni faini yake. Mvua kubwa ilipopiga, mwenyekiti alikuja na mwavuli kukagua kiwanja, akamkuta Lusungu ndani, mkavu, anakaanga maharage. Akaamkia, akaondoka.

Asubuhi ya kwanza ya jua baada ya hapo, Mzee Isaka alitoa kiti chake nje. Alifuta utando wa buibui kwa kofia. Akakaa mlangoni pake, miguu ameinyoosha mpaka katikati ya njia, akajaza kiko, na hakuna aliyemsumbua. Nyumba ya mbele sasa ilikuwa banda la kuku la Watson. Mzee aliwatazama kuku mpaka jua likapanda.

Watson alipopita na baiskeli alimkuta amenuna.

"Nini tena, baba? Si umepata mlango wako?"

"Nimepata. Kimya mno."

Akaweka kiko chini, akajaza kifua, akakohoa kile kikohozi chake kikubwa kinachoanzia tumboni. Kuku wakaruka. Wakasubiri wote wawili, baba na mwana, wamegeuza masikio upande wa shule. Kisha kutoka mstari wa juu, mbali lakini wazi kabisa, ukajibu mfuniko wa sufuria.

"Haya," Mzee Isaka akasema, akachukua kiko chake. "Ameamka."